Kujaribu mitindo ya wasanii wengine kwenye daftari la michoro: mwongozo kamili kwa kalamu ya tete, makaa, udongo, ndala na rangi ya mafuta

Daftari nyingi za wanafunzi wa sanaa huharibika kwa namna moja. Mwalimu amesema "chunguza kazi za wasanii", basi mwanafunzi anatafuta picha kwenye simu, anaipigia miraba, anainakili kwa penseli ya HB kuanzia kona ya juu hadi ya chini, anaandika jina la msanii na mwaka aliozaliwa, kisha anafungua ukurasa mwingine. Wakishafika wasanii sita, kurasa zote zina sura moja. Van Gogh kijivu, Tingatinga kijivu, Hokusai kijivu.

Mkono wa mwanafunzi hauna kosa hapo. Kosa ni penseli. Mtindo wa msanii huanzia kwenye kifaa alichoshika na kitu alichochorea. Mistari mifupi mifupi ya Van Gogh inatokana na kalamu ya tete, ambayo haibebi wino mwingi na hukauka upesi. Rangi bapa, nzito na zenye kung'aa za Tingatinga zinatokana na rangi ya mafuta ya madukani iliyopakwa juu ya ubao. Mstari safi wa Hokusai, msanii wa Japani, ulichongwa kwa kisu kwenye mbao kabla ya kufika kwenye karatasi. Ukitaka kuelewa mmojawapo, badilisha kwanza kilichomo mkononi mwako, halafu ndipo uangalie alichora nini.

Kwa anayesoma Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, sehemu kubwa ya vifaa hivyo haihitaji duka la vifaa vya sanaa. Matete yako mabondeni, udongo mwekundu uko kila ulipochimbwa msingi wa nyumba, kahawa inatoka Mbozi, chai inatoka Rungwe na Mufindi, na ndala iliyokatika kamba iko chini ya kitanda.

Daftari lenyewe

Karatasi ya kawaida ya kutolea kopi ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Ukiipaka maji inajikunja, na wino unatokeza upande wa pili. Kwa kazi hizi tafuta karatasi ya gramu 150 au zaidi. Ukiikosa, manila nyeupe inatosha. Daftari la kushona mwenyewe ni bora kuliko la kununua, kwa sababu unaweza kuchanganya aina za karatasi.

Chukua karatasi 5 za ukubwa wa A3, zikunje katikati kwa pamoja, upate kijitabu cha A4 chenye kurasa 20. Kwenye mkunjo, toboa matundu matatu kwa sindano ya kushonea magunia: cm 5 kutoka juu, cm 15, na cm 25. Uzi wa nailoni wa fundi viatu unafaa. Kata cm 80 hivi. Ingiza sindano kutoka ndani kwenye tundu la kati, itokee nje. Panda hadi tundu la juu, ingia ndani. Shuka moja kwa moja hadi tundu la chini bila kupita la kati, tokea nje. Rudi tundu la kati, ingia ndani. Sasa ncha mbili za uzi ziwe kila moja upande wake wa ule uzi mrefu. Zikaze na ufunge fundo juu yake. Fundo likifungwa pembeni ya uzi mrefu badala ya juu yake, kijitabu kinalegea baada ya wiki moja.

Ndani ya kila kijitabu weka karatasi moja au mbili tofauti: kaki, ukurasa wa gazeti, karatasi iliyochovywa kwenye chai ya rangi na kuanikwa. Kaki nzuri na ngumu inapatikana kwenye tabaka za ndani za mfuko wa saruji. Ukung'utie nje, jifunge kitambaa puani, kisha ufute karatasi kwa kitambaa kikavu. Shona vijitabu vinne au vitano na uviweke kwenye kava moja la boksi gumu. Kimoja kikilowa, vingine vinasalimika.

Kutazama kabla ya kuchora

Kata dirisha la mraba la cm 3 kwenye kipande cha boksi. Liweke juu ya picha ya msanii iliyochapishwa, ulisogeze mpaka upate sehemu ambayo mkono wake unaonekana waziwazi. Sehemu hiyo tu ndiyo utakayonakili, ukiikuza hadi cm 8 kwa 8. Kunakili picha nzima kunakula siku mbili na kukufundisha kidogo, kwa sababu muda mwingi unaishia kwenye kupima vitu vilipo.

Andika vipimo halisi vya kazi. Simu hufanya kila picha iwe na ukubwa wa kiganja. Lile wimbi maarufu la Hokusai ni takriban cm 26 kwa 38, dogo kuliko A3. Ubao wa kawaida wa Tingatinga ulikuwa mraba wa cm 60 hivi. Msanii aliyechora kwa bega zima huwezi kumfuata kwa vidole viwili. Rangi za kioo cha simu pia zina uongo wake, hivyo linganisha picha mbili au tatu za kazi hiyohiyo kabla ya kuamua kwamba msanii alitumia zambarau.

Kuna wanaopinga kunakili kabisa. Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Kilimanjaro na mmoja wa walioanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi, amejulikana miaka mingi kwa msimamo huo. Ana hoja, lakini anayemlenga ni msanii anayeuza nakala. Mwanafunzi ananakili cm 8 ili ajue mkono ulivyokwenda, kisha anaiacha.

Kila msanii mpe kurasa nne: kipande kilichonakiliwa, majaribio ya kifaa, kitu chako mwenyewe kilichochorwa kwa njia yake, na maelezo. Ukurasa wa tatu ndio wenye uzito. Wengi wanaishia wa kwanza.

Kalamu ya tete: Van Gogh

Mwaka 1888, akiwa Arles kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh alichonga kalamu kutoka kwenye matete ya huko na kuchora mashamba, bustani na boti kwa wino. Katika kazi hizo kila kitu kina alama yake: nyasi ni vistari vilivyosimama, ardhi ni vitone, miti ni mikunjo. Hakutegemea kivuli cha kijivu. Michoro yake mingi tunayoiona leo ni ya kahawia kwa sababu wino aliotumia umepauka.

Waandishi wa Kiarabu na wa Kiswahili wa pwani nao waliandika kwa tete, na neno kalamu lenyewe kwa asili lilimaanisha tete. Kuchonga kunakwenda hivi:

1. Chagua tete lililokauka likiwa limesimama, la rangi ya majani makavu, unene wa mm 8 hadi 10. Kata kipande cha cm 18 kisichokuwa na fundo mwishoni.
2. Loweka ncha kwenye maji kwa nusu saa. Tete kavu kabisa hupasuka hadi katikati ukiligusa kwa kisu.
3. Kata mshazari wenye urefu wa cm 3. Kisu kiende mbali na mkono ulioshika. Kwangua nyuzi laini za ndani mpaka ubaki ukuta mgumu.
4. Punguza mabega pande zote mbili, ncha ibaki na upana wa mm 3.
5. Pasua katikati kwa wembe, ufa wa cm 1 tu.
6. Laza ncha juu ya kigae au kipande cha kioo, uikate wima kwa mkato mmoja, ibaki mm 2.

Kalamu ikidondosha matone, ufa ni mrefu mno au umepanuka. Kata ncha upya. Wino usiposhuka, ufa haujafika nyuma ya ncha, au umeacha nyuzi ndani. Ncha ikiwa kama brashi baada ya dakika kumi, tete lilikuwa bichi, na hilo halina dawa. Tupa, chonga lingine.

Wino unaweza kuutengeneza. Wa masizi: shikilia sahani ya bati juu ya moto wa kibatari, ukwangue masizi hadi yajae kijiko cha chai. Masizi hayapendi maji, yataelea juu tu, kwa hiyo yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti. Ongeza vijiko viwili vya chai vya gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha (gundi sehemu moja, maji mbili), sugua juu ya kigae kwa dakika kumi kamili, kisha zimua kwa maji kidogokidogo. Ukikauka na kuacha weusi kidoleni, gundi ni chache. Ukipasukapasuka, imezidi.

Wa kahawa ni rahisi zaidi: vijiko vinne vya chakula vya kahawa ya unga, maji ml 250, chemsha yabaki nusu, chuja kwa kitambaa. Huota ukungu baada ya siku chache. Matone ya spiriti huuchelewesha. Wa chai huwa mweusi ukiweka misumari yenye kutu na kijiko cha siki kwenye chai nzito kwa siku tatu. Utomvu mkali wa majani ya chai hushikana na chuma. Wino huo una asidi na hula karatasi polepole, kwa hiyo usiuweke kwenye kazi unayotaka idumu.

Sasa majaribio. Gawa ukurasa uwe na visanduku 12 vya cm 4, na kila kimoja kipe alama ya aina yake: vitone vikubwa, vitone vidogo, vistari vya wima, vya mlalo, mawimbi, vitanzi, mstari wa kalamu inayokaribia kukauka. Hicho cha mwisho kina mvuto wa peke yake, usiharakishe kuchovya tena.

Kisha toka nje. Shamba la chai la Katumba au Mufindi limekaa kama limesubiri kalamu hii: mistari ya vichaka, njia za wachumaji, miti ya kivuli, vilima nyuma. Migomba ya Tukuyu pia. Kosa linalojirudia hapa ni kutumia alama zenye ukubwa mmoja kutoka mbele hadi nyuma, mlima unasimama kama ukuta. Alama za mbele ziwe kubwa na zenye nafasi, za nyuma ndogo na zilizokaribiana, na anga iachwe tupu au ipewe vitone vichache sana. Usianze kwa penseli. Ukianza kwa penseli utafuata mstari badala ya kuweka alama.

Makaa: Käthe Kollwitz

Mkaa wa jikoni haufai. Unatokana na miti migumu, unakwaruza karatasi na kuacha mng'ao. Makaa ya kuchorea yanatakiwa yatokane na vijiti laini vya unene wa penseli. Mforosadi ni mzuri, na matawi membamba ya mzabibu pia. Epuka msonobari, una utomvu. Menya maganda, kata vijiti vya cm 10, vipange vikiwa vimebanana kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko wa bati uliotobolewa tundu moja la msumari, na ulizike kwenye makaa ya moto. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikatika, mara nyingi baada ya saa moja hivi, toa kopo na uliache mpaka lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa la moto, hewa inaingia na vijiti vinawaka mbele ya macho yako.

Kollwitz, Mjerumani aliyefariki mwaka 1945, alichora kina mama, wafanyakazi na waombolezaji, akitumia weusi mzito kwenye sehemu kubwa na kuacha mwanga uguse mkono au paji la uso tu. Fanya kinyume cha ulivyozoea: paka ukurasa wote makaa kwa ubavu wa kijiti, usugue kwa kitambaa upate kijivu, kisha toa mwanga kwa kifutio. Kipande cha mkate mweupe kilichofinyangwa kuwa tonge kinafuta makaa vizuri kuliko kifutio kigumu, ambacho hupakaza makaa na kuacha doa.

Mada ipo asubuhi ya Juni mjini Njombe au Makambako, watu wamejifunika mablanketi na vitenge kwenye ukungu. Umbo moja kubwa, bila mandhari. Mwanafunzi akichora umati wa soko la Mwanjelwa kwa makaa kwenye A4, anapata tope.

Makaa hayashiki bila dawa. Dawa ya kupulizia nywele inafaa: nje ya nyumba, umbali wa cm 30, mipulizo miwili myepesi ukisubiri dakika tano katikati. Ukipuliza kwa karibu, matone yanachora yenyewe.

Udongo: michoro ya Igeleke na vyungu vya Wakisi

Msanii wa kuchunguzwa si lazima awe na jina. Pembeni mwa mji wa Iringa, mwamba wa Igeleke una michoro ya kale ya rangi nyekundu ya watu na wanyama. Ziwani Nyasa, upande wa Matema na Ikombe, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu kwa mkono na kuvipamba kwa udongo wenye rangi. Na vikapu vya Iringa vya milulu vina hesabu ya mistari ambayo ukijaribu kuichora bila kuhesabu utaikosea. Mtihani hauwezi kukudharau kwa kuchunguza hivyo. Watahini wanachoka kumwona Picasso.

Chimba udongo mwekundu, mwingine wa njano au wa kijivu kama upo, na uweke kila mmoja kwenye kopo lake. Twanga, changanya na maji mengi, koroga, subiri dakika moja mchanga ushuke, kisha mimina maji yenye rangi kwenye chombo kingine. Rudia mara mbili. Acha usiku mmoja, mwaga maji ya juu, anika tope. Unga unaobaki ni laini kama wa uso. Mwanafunzi anayeruka hatua ya kumimina anapata rangi yenye changarawe inayochana brashi.

Kijiko kimoja cha unga kinahitaji nusu kijiko cha gundi nyeupe na maji kidogo. Jaribu kwenye karatasi chakavu na usubiri ikauke. Ikitoka kwa kidole, ongeza gundi. Iking'aa kama plastiki, ongeza udongo. Kiini cha yai badala ya gundi hutoa rangi ngumu isiyofutika kwa maji, ila tengeneza ya siku hiyohiyo tu.

Paka kwa kidole, kijiti kilichotafunwa ncha au unyoya, juu ya ile karatasi ya mfuko wa saruji. Brashi ya dukani inaleta ukingo laini ambao mwambani haupo. Mkiitembelea Igeleke, chora kwa kuangalia. Usimwagie maji michoro ili ionekane zaidi, usiisugue, wala usiweke karatasi juu yake. Rangi iliyodumu miaka yote hiyo inatolewa na kitambaa kibichi mara moja.

Rangi ya mafuta: Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, upande wa kusini, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972. Ni miaka minne tu. Kazi zake mwenyewe kwa kawaida zina mnyama mmoja aliyejaza ubao, mandhari tupu au yenye mapambo machache. Msongamano wa ndege, samaki na vitone unaouzwa kwa watalii ni wa waliomfuata. Kwenye maelezo yako tenganisha hivyo viwili. Ni jambo dogo linaloonyesha kwamba umetazama.

Rangi ya mafuta ikiwekwa moja kwa moja kwenye karatasi, mafuta yanatambaa na kuacha duara la njano linalotokeza kurasa mbili mbele. Kata boksi gumu la cm 18 kwa 18, lipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, pande zote mbili ili lisipinde, na ulibandike daftarini baada ya kazi kuisha.

Paka mandhari kwanza, rangi mbili zikikutana katikati zikiwa bado mbichi, uzichanganye kwa brashi kavu. Hapo ndipo pa kusubiri. Mwongozo wa kopo unaweza kusema saa 24, lakini kwa baridi ya Mufindi au mvua za Tukuyu hesabu siku mbili hadi tatu. Gusa kwa mgongo wa kidole; ikinata hata kidogo, mnyama atateleza na mandhari itakunjamana. Tabaka nene nalo hukauka juu na kubaki bichi chini.

Kwa mnyama, acha simba na tembo. Kipunji, nyani mwenye manyoya yaliyosimama utosini, alifahamika kwa wanasayansi mwaka 2003 kwenye mlima Rungwe, na anapatikana Rungwe, Kitulo na Udzungwa pekee. Mchore kwa umbo la nje tu, ubavuni, bila kivuli wala umbali, mwili ugonge karibu kingo zote. Jaza kwa rangi moja, subiri tena, kisha weka vitone na macho kwa ncha ya njiti. Osha brashi kwa mafuta ya taa kisha sabuni, mbali na jiko, dirisha likiwa wazi.

Anayetaka kwenda mbele kutoka hapa amwangalie George Lilanga, mzaliwa wa kusini pia, ambaye mashetani yake yenye masikio makubwa yanashikana kama fumbo, kila nafasi imejaa. Zoezi lake halihitaji rangi: peni nyeusi, mstari mmoja usioinuliwa, ukurasa mzima.

Ndala na kiazi: Hokusai

Mandhari thelathini na sita ya mlima Fuji ya Katsushika Hokusai yalianza kutoka takriban mwaka 1831, na kwa kweli ni picha 46, kwa sababu mchapishaji aliongeza kumi. Fuji yuko kila mahali: nyuma ya wimbi, ndani ya duara la pipa linalotengenezwa, mdogo kabisa pembeni. Mbeya ina Loleza na Rungwe, milima inayoonekana kutoka stendi, madukani na mashambani. Chora mmoja mara sita kutoka sehemu sita, na angalau mara mbili uwe mdogo kuliko kitu cha mbele: gurudumu la bajaji, mlango wa kibanda, mguu wa meza ya muuza viazi.

Kwa kuchapa, chukua soli ya ndala kuukuu. Isugue kwa msasa mpaka alama za chini ziishe. Chora umbo kwa peni, kata kwa wembe ukiinamisha ukali uelekee nje ya umbo, ili kingo ziwe na kitako kipana. Ukikata kwa kuingia chini ya umbo, kingo zinajikunja zikibonyezwa. Kwa rangi, poster ya maji iwe nzito kama mtindi, na uiweke kwa kipande cha sponji badala ya brashi. Weka gazeti mikunjo mitatu chini ya karatasi, bonyeza kwa kiganja, hesabu hadi kumi.

Chapa inatoka kinyume. Herufi na mlima wenye mteremko upande mmoja vichore vikiwa vimegeuka.

Kiazi mviringo nacho kinafaa kwa maumbo makubwa, lakini kikaushe kwa kitambaa kwa robo saa kwanza. Maji yake huzimua rangi na kuacha madoa. Ni kifaa cha siku moja, kesho yake kimesinyaa. Anga ya Hokusai inayofifia kutoka bluu hadi nyeupe unaipata kwa kulowesha karatasi kwa sponji, kupaka bluu juu kabisa na kuivuta chini kwa mkupuo mmoja. Kurudia mkupuo kunaacha michirizi.

Viwili vya haraka

Henry Moore alichora watu waliojihifadhi kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi London mwaka 1940 na 1941, kwa nta na rangi ya maji. Mshumaa mweupe unatosha: chora ukungu au mvua kwa mshumaa, kisha pitisha rangi ya maji juu. Nta inaikataa rangi. Isipoikataa, umebonyeza kidogo, au rangi ni ya poster, ambayo ni nzito mno.

Henri Matisse, uzeeni na mgonjwa, alipakiwa karatasi rangi na wasaidizi wake kwanza, kisha akakata maumbo kwa mkasi bila kuchora. Utamu uko hapo, kwamba mkasi ndio penseli. Paka karatasi tano, zikaushe chini ya vitabu zisipinde, kata majani ya mgomba bila mstari hata mmoja. Uji wa ngano unabandika vizuri, ila siku za mvua huota ukungu. Gundi nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu ni salama zaidi.

Kuchanganya, kuandika, na ukurasa ulioharibika

Baada ya wasanii wanne, chukua mada moja na uwakutanishe wawili: kipunji wa Tingatinga, lakini manyoya yake yawe alama za tete, au ukungu wa Njombe kwa nta, na watu ndani yake kwa udongo. Wawili wanatosha. Watatu hugombana.

Maelezo yaandikwe siku hiyohiyo, kwa peni, pembeni ya jaribio lenyewe. "Napenda kazi hii kwa sababu ni nzuri na inavutia" haisemi kitu. Linganisha na hii: "Tete la mm 2, wino wa kahawa. Vistari vya mbele vimefanana na vya nyuma, chai imesimama wima. Jaribio la pili: mbele mm 4, nyuma mm 2, anga wazi. Kilima kimelala." Msomaji anajua ulichofanya, kilichoshindikana na ulichobadilisha. Andika pia jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo. Pasipo hivyo, nakala yako inabaki kuonekana kama kazi uliyoiiba.

Usichane ukurasa. Karatasi ikichanwa, nyenzake upande wa pili wa mshono inalegea, na mtahini anaona pengo. Ukurasa ulioharibika kwa wino upake udongo mwepesi uwe mandhari ya chapa ya ndala. Uliojaa makaa yaliyotapakaa ufute kwa mkate, ubaki kijivu, uuanzie Kollwitz mwingine. Zenye rangi ya mafuta ziwekee kipande cha nailoni katikati mpaka wiki mbili zipite, na daftari lisimame wazi usiku kucha, mbali na jiko la mkaa, kurasa zikiwa zimeachanishwa kwa vijiti vya tete vilivyobaki.